Risasi Ndani ya Plastiki

Kiswahili kina neno moja kwa kitu kinachoua kwa sekunde na kitu kinachoua kwa miaka. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki. Risasi pia ni madini yenyewe, laini, mazito, ya kijivu, yanayoyeyuka upesi hata juu ya moto wa jikoni. Neno tulilipokea kutoka kwa Waarabu, na kwao nako limebeba maana zote mbili. Mvuvi wa pwani anaijua kwa jina la tatu, chubwi, kile kipande anachofunga kwenye mshipi ili ndoana izame.

Risasi ya simulizi hii haikufyatuliwa na mtu wala haikufungwa kwenye mshipi. Ilipimwa kwa mizani, ikachanganywa na unga wa plastiki, ikapitishwa kwenye mashine na kutoka ikiwa bomba, waya wa umeme, fremu ya dirisha au pazia. Waliofanya hivyo walikuwa wakemia na wahandisi waliosoma, katika nchi zilizokwisha kutunga sheria dhidi ya sumu ya risasi kabla plastiki hiyo haijaingia sokoni. Tumezoea kusimulia historia ya sumu kama historia ya kutojua: zamani watu hawakujua, kisha sayansi ikafungua macho, kisha wakaacha. Historia ya risasi ndani ya plastiki haikwenda hivyo. Ujuzi ulitangulia, na hata viungo mbadala vilikuwepo mapema. Kilichochelewa ni mtu wa kulazimisha vitumike.

Tuanze na plastiki yenyewe. PVC ndiyo plastiki ya nyumba. Mabomba ya maji safi na ya maji taka, ngozi ya nyaya za umeme, zulia la plastiki la sebuleni, mpira wa kumwagilia bustani, vyote aghalabu ni PVC. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, inayopatikana kwenye chumvi ya kawaida, na hii ndiyo sababu mojawapo ya bei yake kuwa nafuu. Ilizaliwa kwa bahati. Mwaka 1872 mkemia Mjerumani, Eugen Baumann, aliacha gesi ya vinili kloridi ndani ya vichupa mahali penye jua, akakuta kitu kigumu cheupe kimejitunga humo. Hakuwa na la kukifanyia. Miaka arobaini baadaye Mjerumani mwingine, Fritz Klatte wa kampuni ya Griesheim-Elektron, alipata hataza ya kukitengeneza. Kampuni yake haikufanikiwa kukigeuza kuwa bidhaa, nayo ikaiacha hataza hiyo ikafa.

Tatizo lilikuwa joto. Plastiki huumbwa kwa kulainishwa kwa moto, na PVC huhitaji nyuzi 160 hadi 200 za Selsiasi ili ipite vizuri kwenye mashine. Lakini huanza kuharibika mapema zaidi, karibu na nyuzi 100. Atomi moja ya klorini hung'oka pamoja na haidrojeni na kutoka kama gesi ya asidi. Kung'oka kwa hiyo ya kwanza humlegeza jirani yake, naye akilegea humlegeza wa tatu, mfano wa zipu inayofunguka. Plastiki hugeuka njano, kisha kahawia, kisha nyeusi, na asidi inayotoka huila mashine. Mwaka 1926, mjini Akron katika jimbo la Ohio, Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich aligundua kwamba PVC ikichemshwa pamoja na vimiminika fulani vizito hulainika kama mpira. Ugumu akawa ameupatia dawa. Kujila kwa plastiki chini ya joto kukabaki palepale.

Palihitajika kiungo cha kuidaka asidi kabla haijaleta madhara. Wataalamu wa plastiki hukiita kiimarishi. Katika miaka ya 1930 kiimarishi kilichowafaa watengenezaji wa nyaya za umeme kilikuwa unga ambao kila mpaka rangi wa Ulaya aliujua: risasi nyeupe.

Hapo inabidi tusimame kidogo, kwa sababu unga huo ulikuwa na rekodi.

Kwa karne nyingi risasi nyeupe ilikuwa ndiyo rangi nyeupe ya majumba. Walioisaga na kuipaka walijulikana kwa maumivu makali ya tumbo, mikono iliyolegea viganjani na akili iliyochanganyikiwa. Mwaka 1786 Benjamin Franklin, ambaye ujanani alifanya kazi ya uchapaji na kuwaona wenzake wakiumizwa na herufi za risasi, alimwandikia rafiki yake barua ndefu juu ya madhara hayo. Aliimalizia kwa kumtaka atazame jinsi ukweli wenye manufaa unavyoweza kujulikana kwa miaka mingi kabla watu hawajaukubali na kuufuata. Mwaka 1904, huko Queensland, Australia, daktari wa macho aitwaye J. Lockhart Gibson aliandika kwamba watoto waliokuwa wakifika kwake wameugua sumu ya risasi walikuwa wanaipata kwenye rangi ya vizuizi vya baraza za nyumba zao. Jua lilikuwa likiikausha rangi hadi inageuka vumbi, watoto wanashika, kisha wanatia vidole mdomoni. Naomba msomaji aikumbuke picha hiyo, maana itarudi.

Ufaransa ilitunga sheria dhidi ya risasi nyeupe mwaka 1909. Kisha Novemba 1921, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 13. Ulitaka nchi wanachama zipige marufuku matumizi ya risasi nyeupe katika kupaka rangi ndani ya majengo, ukiondoa mahali pachache kama vituo vya reli na viwandani penye ulazima. Mkataba huo ulitaja vitu viwili kwa majina: risasi nyeupe, ambayo kikemia ni kabonati ya risasi, na salfeti ya risasi. Ulizuia pia vijana wa chini ya miaka 18 na wanawake wote wasiajiriwe katika kazi za viwanda za kupaka rangi zenye vitu hivyo.

Haikupita miaka ishirini, kabonati ya risasi ikawa imo ndani ya plastiki ya nyaya. Ilipoonekana kwamba kabonati ikipashwa sana hutoa gesi na kuacha vitundu ndani ya plastiki, mahali pake pakachukuliwa na kiungo kilichostahimili joto zaidi, nacho kilikuwa salfeti ya risasi. Vitu vyote viwili vilivyotajwa Geneva vikawa vimepata makao mapya ndani ya nyumba zilezile ambamo vilikatazwa ukutani. Hakuna aliyevunja mkataba, kwa kuwa mkataba ulihusu rangi.

Haki itendeke: risasi ilikuwa hodari katika kazi yake. Inapoidaka asidi hugeuka kuwa kloridi ya risasi, kitu kilichotulia ambacho hakiichochei plastiki iendelee kuoza. Kloridi hiyo haiyeyuki kwa urahisi kwenye maji, kwa hiyo waya wenye risasi hata ukilala kwenye unyevu hauvujishi umeme. Kiasi kidogo, asilimia chache tu za uzito, kiliiwezesha plastiki kudumu miongo juani na ardhini. Na bei yake ilikuwa ya chini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942 na mashamba ya mpira kupotea mikononi mwa Waingereza na Wamarekani, PVC ikachukua nafasi ya mpira kwenye nyaya. Vita vilipokwisha, viwanda vilikuwa vimeshazoea mapishi yake.

Lakini mapishi hayo hayakuwa peke yake. Tangu miaka ya 1930 mkemia wa Marekani, Victor Yngve, alikuwa ameonyesha kwamba misombo ya stani, yale madini yanayopakwa ndani ya makopo ya vyakula, huiimarisha PVC vizuri. Njia ya tatu ilikuwa kuchanganya sabuni za kalsiamu na za zinki, madini mawili ambayo mwili wa binadamu unayahitaji ili uishi. Mwaka 1955 taasisi ya National Sanitation Foundation, iliyokuwa Ann Arbor katika jimbo la Michigan, ilichapisha uchunguzi wake juu ya mabomba ya plastiki ya maji ya kunywa. Ulionyesha kwamba PVC iliyoimarishwa kwa risasi huiachia risasi hiyo ikaingia kwenye maji. Wamarekani wakajenga mabomba yao ya maji juu ya stani. Nchini Uingereza mwaka 1971 R. F. Packham naye alipima mabomba yenye risasi, akakuta kwamba bomba jipya hutoa risasi kutoka kwenye ngozi yake ya ndani, kisha kiasi hupungua kadiri maji yanavyopita. Katika sehemu kubwa ya Ulaya jibu hilo la pili lilitosha kuwatuliza watu, na risasi ikabaki bombani.

Hivyo kwa nusu karne tasnia moja ilipika vyungu viwili. Plastiki ya vifuko vya damu hospitalini na ya kufungia chakula ilipikwa kwa kalsiamu na zinki. Plastiki ya waya, bomba la taka, fremu na pazia ikapikwa kwa risasi. Mpishi alikuwa mmoja, na alijua vizuri chungu kipi ni cha nani.

Risasi ilikuwa na ndugu yake, kadimi. Huyu aliingia kwenye plastiki kwa milango miwili. Akiunganishwa na bari alikuwa kiimarishi kizuri cha vitu vya kukaa juani, kama fremu za madirisha. Akiunganishwa na salfa na seleni alitoa rangi ambazo hazikuwa na mshindani: njano ya limau, chungwa, nyekundu ya damu, zisizofifia kwa jua wala kwa joto la mashine. Kreti nyingi za bia na soda zilizong'aa barani Ulaya zilipata rangi yake kwake.

Jina la kadimi liliharibikia Japani. Katika bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, wakulima walimwagilia mpunga kwa maji yaliyobeba mabaki ya mgodi wa Kamioka uliokuwa juu mtoni. Wanawake watu wazima, wengi wao waliozaa watoto kadhaa, walianza kuvunjika mifupa kwa kukohoa tu au kugeuka kitandani. Ugonjwa ukapewa jina la kilio chao, itai-itai, yaani inauma, inauma. Daktari wa hapohapo, Noboru Hagino, alitetea kwa miaka kwamba chanzo ni mgodi, na mwaka 1968 serikali ya Japani ikakiri rasmi kuwa kadimi ndiyo iliyosababisha. Toyama haikuwa habari ya plastiki. Lakini baada yake hakuna aliyeweza kusema kwamba kadimi ni rangi tu. Sweden ilikuwa ya kwanza kuchukua hatua pana. Mwaka 1982 ilianza kuzuia kadimi katika rangi, katika viimarishi vya plastiki na katika kupaka vyuma. Viwanda vililalamika kwamba haiwezekani, kisha vikapata rangi nyingine. Jumuiya ya Ulaya ikafuata mwaka 1991 kwa agizo lililobana matumizi yake katika aina nyingi za plastiki.

Kwa risasi, mlango ulifunguliwa na pazia.

Marekani ilikuwa imepiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Wazazi walifundishwa kuogopa kuta kuukuu zinazobanduka. Katikati ya miaka ya 1990 maofisa wa afya wa majimbo ya Arizona na North Carolina walikuta watoto wenye risasi nyingi mwilini, na chanzo kikaonekana kuwa mapazia ya dirishani, yale ya vibanzi vya plastiki yanayovutwa kwa kamba. Yaliagizwa kutoka China, Taiwan, Mexico na Indonesia, yapata milioni 25 kila mwaka, na yaliuzwa kwa bei ya kumfaa kila mpangaji. Juni 1996 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ilitangaza matokeo yake. Maabara, zikiwemo za NASA na za jeshi, zilitumia hadubini za elektroni na kuona kwamba jua na joto huichakaza plastiki, na uso wake ukichakaa huzaa vumbi lenye risasi. Katika baadhi ya mapazia vumbi lilikuwa kali kiasi kwamba mtoto mdogo akilamba lililo kwenye eneo lisilozidi inchi moja ya mraba kwa siku, ndani ya siku 15 hadi 30 damu yake ingefikia mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari.

Jua, vumbi, kidole, mdomo. Miaka 92 ilikuwa imepita tangu Gibson aandike kuhusu baraza za Queensland. Risasi ilihama kutoka kwenye rangi ikaingia kwenye plastiki, na njia yake ya kumfikia mtoto haikubadilika hata hatua moja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa dirishani, kimening'inia juu ya kitanda cha mtoto.

Kilichofuata ndicho kinachonishughulisha zaidi katika historia yote hii. Tume iliwataka watengenezaji waache kutumia risasi, na mapazia mapya yasiyo nayo yalitarajiwa madukani mwaka huohuo, kwa nyongeza ndogo tu ya bei. Hapakuhitajika uvumbuzi. Mapishi ya chungu cha pili yalikuwepo tangu zamani. Yalihitaji mtu wa kuyaagiza.

Ulaya ilipata funzo lake kwa njia ya kitoto zaidi. Mwishoni mwa 2001, wakati wa manunuzi ya Krismasi, maofisa wa Uholanzi waliizuia shehena ya mashine za michezo za Sony PlayStation, zipatazo milioni 1.3, kwa kuwa nyaya zake zilikuwa na kadimi kupita kiwango. Mashine zilikuwa nzima; nyaya ndizo zilizokuwa na hatia, nazo ikabidi zibadilishwe. Sony iliingia hasara ya mamilioni ya dola, na tangu hapo ikaanza kuwachunguza wauzaji wake wa vifaa mmoja mmoja. Miaka michache baadaye, Julai 2006, sheria ya Umoja wa Ulaya ikazuia risasi, kadimi, zebaki na kemikali nyingine katika vifaa vya umeme vinavyouzwa humo. Viwanda vya Asia vilivyotaka soko hilo vikabadilisha mapishi ya nyaya.

Wakati huohuo wanaharakati, Greenpeace wakiwa mbele, walikuwa wanataka PVC yote iachwe. Denmark ilizuia risasi katika bidhaa nyingi mwaka 2000. Mwaka huo tasnia ya PVC ya Ulaya, ikiona sheria inakuja, ilijifunga kwa ahadi ya hiari: kadimi itoke kwenye viimarishi mara moja, risasi ipungue kwa asilimia 15 ifikapo 2005, kwa nusu ifikapo 2010, na ikome 2015. Wakati ahadi inatolewa, viwanda vya Ulaya Magharibi vilikuwa vinatumia zaidi ya tani 120,000 za viimarishi vya risasi kwa mwaka. Mwisho wa 2015 vilikuwa vimefika sifuri. Watu wana haki ya kuutilia shaka uhiari uliosukumwa na hofu ya sheria, lakini matokeo yalipatikana.

Kazi ya kufika hapo haikuwa ya kubadili gunia moja kwa jingine. Zinki ni mfanyakazi mwepesi. Huwahi kuishika klorini iliyolegea na kuiacha plastiki nyeupe. Lakini zinki iliyokwisha kushiba klorini hugeuka adui: huchochea uozo kwa kasi, na plastiki iliyokuwa safi huwa nyeusi ghafla. Kalsiamu ni mzito wa kuanza, ila huipokonya zinki klorini yake na kuirudisha kazini. Siri ikawa katika uwiano wa hao wawili, na katika wasaidizi wao. Msaidizi mmojawapo ni hidrotalsaiti, madini ya magnesi na alumini yaliyopangana kwa matabaka kama kurasa za kitabu, ambayo huinyonya asidi na kuihifadhi katikati ya kurasa hizo. Madini hayohayo hutumika pia kama dawa ya kiungulia. PVC, ambayo tatizo lake tangu Baumann lilikuwa asidi ya tumbo lake yenyewe, hatimaye ilipewa dawa ambayo binadamu humeza kwa tatizo lilelile.

Kuna onyo moja hapa kwa wenye kuamini kwamba kuondoa kibaya ndiko kuleta kizuri. Stani, iliyowaokoa Wamarekani na risasi bombani, ina sura nyingi. Mwaka 1954 nchini Ufaransa dawa ya majipu iitwayo Stalinon, iliyotengenezwa kwa msombo wa stani, iliua watu wapatao 100 kwa sababu ilichanganyika na msombo mwingine wa stani, wa jamii moja nao lakini mkali zaidi. Misombo ya mabomba si ile ya Stalinon. Hata hivyo Umoja wa Ulaya umebana baadhi ya misombo ya stani katika bidhaa tangu 2012. Kila mbadala unastahili kuulizwa maswali yaleyale aliyopaswa kuulizwa mtangulizi wake, na kuulizwa kabla ya kuingia nyumbani.

Katika eneo letu jina la risasi limeandikwa kwa maumivu ya aina nyingine. Huko Mombasa, wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na mtoto wake mwenyewe akaugua, aliongoza mapambano yaliyofikia hukumu ya mwaka 2020 ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hukumu hiyo ilitenguliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Zile zilikuwa betri, na moshi wake ulionekana kwa macho. Risasi ya plastiki haina moshi, na ndiyo sababu mahali pengi haijapata mlalamikaji. India, ambako mabomba ya PVC yameenea mijini na vijijini, ilipata mlalamikaji. Mahakama yake ya mazingira iliitaka serikali iweke viwango, na mwaka 2021 zikatoka kanuni za kuondoa risasi kwenye mabomba ya PVC. Kati ya uchunguzi wa Michigan na kanuni za India kuna miaka 66.

Na ile iliyokwisha kuwekwa je? Plastiki hudumu, na kwa sababu hiyo ilipendwa. Fremu iliyotoka kiwandani Ujerumani mwaka 1985 ingali dirishani, au sasa hivi inavunjwavunjwa ili itumike upya. Ulaya ilikutana na swali hili kwanza kwenye kreti za bia. Sheria ya 1994 ya vifungashio iliweka kikomo kikali cha madini mazito, na mamilioni ya kreti zenye kadimi hazikufaulu. Ikabidi mwaka 1999 zipewe ruhusa maalumu, kreti kuukuu isagwe na kuzaa kreti nyingine, ilimradi zisitoke nje ya mzunguko huo. Kuhusu risasi, mabishano yaliingia bungeni. Februari 2020 Bunge la Ulaya lilikataa pendekezo lililoruhusu plastiki iliyorejelezwa iendelee kubeba risasi. Wengine walisema tusiirejeleze, tuizike. Wengine wakajibu kwamba kuzika ni kuiachia ardhi, na kuchoma ni kuiachia hewa.

Suluhu ilitoka mwaka 2023. Tangu Novemba 2024 PVC inayouzwa Ulaya haipaswi kuwa na risasi inayofikia asilimia 0.1 ya uzito. PVC iliyorejelezwa imepewa nafasi ya hadi asilimia 1.5 katika bidhaa chache tu, kama vile fremu za nje na mabomba yasiyo ya maji ya kunywa, kwa miaka kumi. Katika baadhi ya bidhaa hizo plastiki kuukuu italazimika kuzungukwa na tabaka la plastiki safi, kama andazi lililofungiwa nyama ndani, ili kidole cha mtoto kisiifikie. Na bidhaa ya namna hiyo lazima iandikwe juu yake, kwa maandishi yanayosomeka na yasiyofutika, kwamba ina risasi.

Kwa takriban miaka tisini, tangu kabonati iliyokatazwa Geneva iingie kwenye waya wa kwanza, risasi ilikaa nyumbani mwa watu bila kujitambulisha. Sasa, katika soko moja la dunia, sheria imeitaka itaje jina lake. Bomba lililoegemezwa nje ya duka la vifaa vya ujenzi, lile la kijivu ambalo fundi hulikagua kwa kuligonga kwa kidole, nalo lina maandishi ubavuni: kipenyo, unene, mgandamizo wa maji linaoweza kuhimili. Kiimarishi chake hakitajwi. Lakini aliyelitengeneza anakijua, kwa kuwa alikipima kwa mizani kabla ya kuwasha mashine.